Hatua Nne Kupita Jiwe la Mpaka

Jumatano, 5 Agosti

Ushindi! Diwani ametia saini. Siku tatu za sikukuu, Ijumaa hadi Jumapili, hakuna duka wala baa itakayouza pombe katika wilaya yetu. Barua kumi na saba nimeandika, zote kwa mkono, na nakala zote ninazo. Kamati ya Usalama Barabarani ya mtaa, ambayo mimi ni katibu wake, imenipongeza. Kamati ina watu wanne. Mmoja hakuja, lakini alituma salamu, nazo nikazihesabu kuwa kura.

Diwani anataka ripoti Jumanne ijayo: ajali ngapi za ulevi ndani ya wilaya katika siku hizo tatu, mwaka jana na mwaka huu. Mwaka jana zilikuwa sita. Ya sita ilikuwa ya mwanangu, aliyegonga nguzo ya geti letu wenyewe. Nguzo imeinama hadi leo. Simwambii mtu kwamba kamati nzima ilizaliwa na nguzo ile.

Mwanangu ana miaka arobaini na minne. Ni fundi wa friji asiye na mpinzani mtaani hapa, mpaka saa nane mchana.

Mkwe wangu, mkewe, ni muuguzi wa wodi ya dharura. Nilimwonyesha saini ya diwani. Aliitazama, akavua viatu, akasema yuko zamu siku zote tatu na atalala hukohuko. Kisha akarudia neno lake la mwaka mzima:

"Baba, chukua tu ufunguo wa gari. Uweke mfukoni."

Yeye alishajaribu mwaka jana, wakagombana wiki nzima. Anasema na mimi hawezi kugombana, mimi ni baba yake. Nilimweleza kuhusu sheria, takwimu, na yale niliyoyasoma juu ya miji mingine. Nilipofika mji wa tatu alikuwa amelala palepale kwenye kiti.

Alhamisi, 6 Agosti

Drafti na Kizibo. Kizibo ana duka la vinywaji hapo kwenye kona, na ni hasimu wangu wa drafti kwa miaka kumi na mmoja. Leo alikuwa na uchungu, nami nilimwonea huruma ya mshindi. Alisema nimefunga mlango wake tu, makoo ya watu yako wazi. Alisema kule ng'ambo ya daraja, wilaya nyingine, wenye baa wanapanga viti mpaka ukingoni mwa barabara kutusubiri. Nilimjibu kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayekwenda kilomita kumi na tisa kwa ajili ya chupa. Akaniuliza mimi katika ujana wangu nilitembea kilomita ngapi kutafuta gazeti.

Nikamla kete tatu. Akanila saba.

Niandike hapa habari za ufunguo, maana mkwe wangu anadhani ni ubishi tu.

Kando ya mlango kuna msumari nilioupigilia mwenyewe. Unabeba funguo mbili. Mmoja wa gari la mwanangu. Wa pili ni wa maktaba ya chuo nilikofanya kazi, kwetu. Miaka thelathini na minane iliyopita, asubuhi tuliyokimbia nchi yetu, nilifunga maktaba kama kila siku na kuondoka na ufunguo. Vitabu elfu sita mia mbili na kumi na viwili. Sikujua kwamba sirudi. Kwenye kizuizi cha pili barabarani, waliokilinda walitunyang'anya funguo zote: za nyumba, za baiskeli, za masanduku. Wakazitupa ndooni. Ile sauti ya ndoo bado ninayo. Wangu ulipona kwa sababu ulikuwa ndani ya soksi.

Siku ile niliapa kwamba mimi sitamnyang'anya mtu ufunguo, sembuse mwanangu. Ndiyo maana nilifunga wilaya nzima. Ni njia ya heshima zaidi.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku ya kwanza. Nilizunguka mtaa na daftari tangu asubuhi. Maduka yamefungwa, kufuli juu ya kufuli. Kizibo ameketi nje ya duka lake anapangusa chupa tupu za soda ili nimwone. Nilimpungia mkono. Ajali: hakuna.

Lakini mwanangu ana furaha mno. Mtu asiye na chupa hapigi mbinja akifunga skrubu. Uani tuna friji mbovu kumi na moja, za wateja ambao hawakurudi kuzichukua, na leo nimegundua kwamba ya tisa imefungwa kwa waya. Alipokwenda buchani kumtengenezea muuza nyama friji yake, niliufungua.

Chupa nne za pombe kali! Alizinunua Jumatano, kabla sheria haijaanza. Kwa nani? Kwa Kizibo, bila shaka. Sheria yangu haikufikiria mtu anayejua kuweka akiba. (Kumbuka: barua ya kumi na nane.)

Sikutaharuki. Mzee aliyepanga vitabu elfu sita hashindwi na chupa nne. Nilichemsha chai ya rangi, nikaipoza, nikaichuja mara mbili kwa kitambaa. Pombe yote nikaimwaga chooni. Chai ikaingia. Rangi ileile hasa! Vifuniko nikavirudisha kwa tone la gundi. Nilifunga waya kwa mikunjo ileile, mitatu kulia, miwili kushoto.

Nitalala kwa amani. Mwizi wa heri ana usingizi mzuri.

Jumamosi, 8 Agosti

Saa nane mwanangu alifungua friji ya tisa. Nilikuwa barazani, gazeti usoni. Nilisikia kifuniko, kisha glasi zikigongana.

Alikuja na chupa na glasi mbili. Akaketi mbele yangu, akamimina, akanisogezea yangu. Tukanywa. Chai baridi, wawili sisi, kama wageni waliokosea nyumba. Nilitazama glasi ili nisimtazame usoni. Niliona nywele zake zimeanza mvi pembeni, kama za mama yake mwaka ule wa mwisho. Nilitaka kumwambia jambo. Nilikuwa nalo kabisa, limepangwa vizuri, lina mwanzo na mwisho.

Alimaliza glasi yake.

"Sukari haikutosha, mzee," akasema.

Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akatungua ufunguo wa gari kwenye msumari. Alipita mbele yangu, karibu kiasi cha kunusa sabuni yake. Ufunguo wa maktaba ulibaki ukiyumba.

Nilimwambia afunge geti.

Saa kumi na moja sasa. Hajarudi. Labda ameitwa kwenye friji ya mtu. Joto la leo ni kali. Ajali ndani ya wilaya: hakuna.

Jumapili, 9 Agosti

Hospitali. Naandika nyuma ya karatasi ya dawa.

Ni darajani, jana saa kumi na mbili jioni, mwanangu akirudi. Alikuwa amekunywa ng'ambo, kwenye vile viti. Aligonga kingo za daraja, na kabla ya kingo alimgonga muuza mikate aliyekuwa akivuka kwa baiskeli. Muuza mikate amevunjika mtulinga. Mikate ilitapakaa darajani, wananiambia watu walikuwa wakiiruka.

Mkwe wangu alikuwa zamu. Machela iliingia, akaanza kukata suruali kwa mkasi kama anavyokata za wote. Hakuwa ameangalia uso. Alimtambua kwa soksi, maana alizianua yeye mwenyewe kambani. Mwenzake alitaka kumpokea mkasi, akakataa, akamaliza kukata.

Mguu wa kushoto umeondolewa chini ya goti.

Mkwe wangu alinijia kwenye benchi alfajiri, aproni bado mwilini. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, ufunguo ulikuwa wapi. Nilimwambia ulikuwa mahali pake.

Jumatatu, 10 Agosti

Kizibo amekuja hospitalini na chupa ya chai. Chai! Nilidhani amesikia habari ya friji ya tisa. Lakini ilikuwa chai tu, na vikombe viwili, na sukari ya kutosha.

Nilimngojea anisute. Nilikuwa na hoja tatu tayari. Hakunisuta. Aliketi benchini, kofia mapajani, akamtazama mwanangu kupitia kioo cha mlango kwa muda mrefu. Hatimaye akasema, taratibu, kama anayeomba radhi:

"Kwangu alikuwa ananunua chupa moja, Katibu. Siku zote alikuja kwa miguu, akarudi kwa miguu. Mke wangu alikuwa akimmulikia tochi mpaka kwenye kona."

Nilimuuliza, sasa zile nne je. Akasema mwanangu alimwambia kwamba atakaa nazo nyumbani siku zote tatu, gari liko, lakini haliendi popote.

Nilimjibu kwamba mtu mmoja si takwimu. Akanimiminia chai.

Jumanne, 11 Agosti

Siku ya ripoti. Kazi ni kazi.

Suala lilikuwa moja: ajali ya darajani ihesabiwe wapi? Jiwe la mpaka wa wilaya liko katikati ya daraja, limepakwa chokaa. Nilikwenda na utepe wa kupimia, wa mwanangu, nilioutoa kwenye sanduku lake la vifaa. Kingo zilizovunjika ziko mbele ya jiwe. Vipande vya kioo bado vipo, na ganda la mkate lililokauka ambalo hata ndege hawajaliona. Utepe ulikuwa mfupi, ukaishia njiani, nikamalizia kwa miguu.

Hatua nne. Hatua nne kupita jiwe, upande wao.

Nilirudia kupima. Nilirudia tena. Askari wa daraja aliniuliza nimepoteza nini. Nilimwambia sijapoteza kitu, nikakunja utepe.

Nimeandika ripoti kwa mwandiko wangu bora. Ajali za ulevi ndani ya wilaya, mwaka jana: sita. Mwaka huu: hakuna. Diwani amepiga simu mwenyewe. Amesema haya ni mafanikio makubwa, na atayataja kwenye mkutano. Aliuliza hali ya nyumbani. Nikasema salama.

Alhamisi, 13 Agosti

Mwanangu ameamka vizuri na kuzungumza. Aliomba nimkune unyayo wa kushoto. Nilikuna shuka, mahali ambapo ungekuwa. Akasema hapo hapo, asante mzee.

Nilikuna mpaka akalala.

Jumapili, 16 Agosti

Mambo mawili makubwa leo.

La kwanza, polisi wameleta ufunguo wa gari, katika bahasha ya kaki, pamoja na saa yake na barua ya kuitwa mahakamani mwezi ujao. Fundi wa bodi anasema gari litapona. Kazi ya miezi miwili, na klachi inaweza kuhamishiwa mkononi, amewahi kumfanyia mtu mwingine. Mwanangu aliposikia alitabasamu kwa mara ya kwanza. Nilifurahi sana. Mtu akipewa la kutumaini, nusu ya ugonjwa imetoka.

Mkwe wangu alirudi kutoka zamu wakati nimeshika bahasha. Hakuvua viatu. Alisimama mbele yangu akaninyooshea mkono, kiganja juu. Nilimpa. Aliifungua, akatoa saa, akatoa barua ya mahakama, akaikung'uta. Hakuna kingine. Aligeuka akatazama mlangoni.

Funguo zote mbili zilikuwa kwenye msumari. Wa gari niliutundika mara tu askari alipoondoka.

Nilimweleza tena, kwa upole, habari ya kizuizi na ndoo. Aliniuliza kama zile funguo za ndooni ziliua mtu. Sikuelewa swali lake, lakini yeye amechoka, hajalala vizuri wiki nzima. Alikwenda chumbani na sanduku dogo. Nasikia anafungua na kufunga makabati. Nadhani anafanya usafi.

La pili, na hili ndilo lenye uzito: nimegundua kasoro ya mpango wetu. Kasoro ni ng'ambo. Nimeanza barua kwa mwenyekiti wa wilaya ile, nikimwomba nao wafunge maduka na baa siku zote za sikukuu ijayo. Nimemwambatishia takwimu zetu. Sita, kisha hakuna. Hawezi kuzikataa. Na baada ya wilaya yake kuna nyingine, nimeiona kwenye ramani, ina barabara nzuri ya lami.

Nimeazima mashine ya kutoboa karatasi kwa Kizibo. Amenipa bila swali.

Msumari umelegea kidogo, nadhani ni kwa jinsi mwanangu alivyoutungua ufunguo siku ile. Kesho asubuhi, kabla ya hospitali, nitaupigilia vizuri.