Sentensi Moja kwa Kiptum

Jumatatu, 3 Februari

Mdomo umeanza kuwasha tena. Chini, upande wa kushoto, palepale pa siku zote. Kufikia saa nne vilengelenge vimeshatokea, vimejaa maji, vinang'aa. Nina miaka kumi na minane. Nimemaliza kidato cha nne. Na mdomo huu bado unanifanyia mambo ya darasa la tatu!

Kogo, nyanya yangu ninayeishi naye, anasema ni homa imetokea mdomoni kwa sababu nachuma chai kabla umande haujakauka. Alinipaka chumvi. Nililia. Akasema dawa isiyouma ni losheni.

Jioni nikapeleka majani kituo cha kupimia chai. Kiptum alikuwa kwenye foleni ya mizani na kikapu cha mama yake. Kiptum ni mtu wangu. Naandika hapa tu, kwa sauti siwezi. Tangu Krismasi tumekubaliana kwamba sisi ni watu wa kuzungumza, na amenishika mkono mara mbili nyuma ya kituo, mara ya pili kwa muda mzuri. Anakimbia. Anakimbia hata akitumwa chumvi dukani.

Alikuwa amenunua soda baridi. Akanywa kidogo, akanipa chupa. Mbele ya watu wote. Niliishika. Niliitazama. Nikakumbuka mdomo wangu, nikamrudishia nikisema sina kiu. Nilikuwa natiririka jasho.

Lynn akasema kama mwenyewe hataki, yeye ana kiu ya kutosha watu wawili. Akanywa. Lynn ni binti ya Mzee Njenga wa duka la mbolea pale Ndanai. Hana haya hata kidogo. Ana mdomo kama ua.

Jumatano, 5 Februari

Nimepanga mpango. Nitajua ukweli wa vidonda hivi bila mtu yeyote kujua kwamba ni vyangu.

Nikaenda zahanati. Nilitarajia yule muuguzi mama. Hayupo, amejifungua. Yuko Bwana Gekara, mwanamume, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Mlango wake haufungi. Benchi la wagonjwa liko mlangoni.

Nikamwambia nina rafiki ambaye hupata malengelenge mdomoni. Akaniangalia mdomo. Akauliza rafiki yangu ana umri gani. Nikasema kama wangu. Akauliza kama rafiki amejipaka chumvi. Nikasema ndiyo, nyanya yake. Akasema amwambie huyo nyanya chumvi ni ya mboga.

Kisha akaeleza, na benchi zima likanyamaza lisikie. Ni kirusi. Watu wengi wanacho, wengi walikipata utotoni kwa kubusiwa na shangazi au kunywea kikombe kimoja. Hakitoki mwilini, hulala tu. Jua kali, baridi au wasiwasi hukiamsha. Kidonda kikiwa kibichi, kinaambukiza kwa urahisi sana: asibusu mtu, asishiriki kikombe, mpaka ngozi ipone kabisa. Hata pasipo na kidonda kinaweza kumpata mwenzake, ila mara chache zaidi. Akaongeza kwamba mdomo unaweza kukipeleka hata sehemu nyingine za mwili wa mwenzake. Nilisoma bango la chanjo ya kuku hadi mwisho.

Nikauliza rafiki yangu afanye nini, maana kuna mvulana. Akasema ni rahisi: amwambie. Sentensi moja. Mimi hupata vidonda vya mdomo, nikiwa navyo tusishiriki chupa. Basi. Tena huenda hata huyo mvulana anavyo, na kama ni kirusi kilekile, hilo si jambo la kuwakosesha usingizi. Amuulize.

Sentensi moja! Kwa Bwana Gekara ni rahisi. Yeye huwaambia watu wavue shati siku nzima.

Nikitoka, mama mmoja kwenye benchi akaniambia nimsalimie rafiki yangu.

Alhamisi, 6 Februari

Mpango bora kuliko sentensi: barakoa. Nilipata moja ya zamani kwenye droo. Mdomo umefunikwa, siulizwi, sisemi.

Niliulizwa. Kila mtu aliniuliza. Kwenye mstari wa kuchuma walianza kunipisha. Kufikia mchana, kwa midomo ya watu, nilikuwa na kifua kikuu. Kufikia saa tisa nilikuwa nimekipeleka nyumbani na Kogo alikuwa amelazwa.

Kiptum hakunipisha. Alikuja karibu kabisa, akauliza taratibu nina nini. Pale ndipo pa sentensi. Niliiandaa. Nilifungua mdomo ndani ya barakoa. Nikasema majani chai yananidhuru.

Chai! Nikiwa na kikapu cha chai mgongoni! Nikiwa nimesimama katikati ya chai, chai hapa, chai ng'ambo, chai mpaka mbinguni!

Alinisikitikia sana. Akasema pole, hilo ni tatizo kubwa kwa mtu wa huku. Jioni mama yake ameshasikia. Ametuma mtu kuuliza, kwa upole, kama kuna kazi nyingine ninayoiweza.

Jumamosi, 8 Februari

Kiptum amekuwa wa pili katika mbio za nyika za kaunti! Atakwenda za taifa! Nilipiga vigelegele ndani ya barakoa, sauti ikatoka kama ya birika.

Furaha ilidumu mpaka saa kumi. Senge Rebeccah, dada ya baba yangu, akaja na habari. Kesho baada ya ibada kijana anapokelewa kwa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kama wanavyopokewa wakimbiaji wote. Msichana wa kwaya ndiye atakayempa. Senge ndiye mwenyekiti wa akina mama. Amenichagua mimi. Akakonyeza jicho. Kumbe anajua! Nani hajui?

Nikasema ninaumwa. Akasema hayo maradhi ya chai yasifike kwenye maziwa. Barakoa nivue, hii si hospitali.

Kogo akanifundisha. Anayetoa kibuyu huonja kwanza, watu wote wakiona, ili ijulikane hakuna kibaya kilichotiwa. Kisha anampa mgeni. Usipoonja, umeleta maziwa au umeleta nini?

Kidonda changu bado kina unyevu pembeni. Nionje, nimpe kibuyu chenye kirusi mshindi wa pili wa kaunti, wiki chache kabla ya mbio za taifa? Hapana. Nisionje? Haiwezekani.

Mpango: nitajifanya. Nitainua kibuyu mdomo ukiwa umefungwa, bila kugusa ukingo. Nitameza mate. Nitampa. Nimefanya mazoezi na chupa ya mafuta ya kupikia. Kogo akauliza kama nimeanza kunywa mafuta.

Jumapili, 9 Februari

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Watu wote wa kanisa, na wa kanisa lile jingine. Kiptum ameketi kwenye kiti cha mchungaji, amevishwa mashada ya majani shingoni, anatabasamu kwa aibu nzuri. Midomo yake imepasuka kwa jua la mbio. Nilitembea na kibuyu bila kujikwaa. Nikakiinua. Nikafunga mdomo. Nikameza mate kwa heshima. Nikashusha. Safi kabisa!

Nikanyoosha mikono kumpa. Senge Rebeccah akasema ngoja.

Mursik wetu una unga wa mkaa. Anayeunywa hubaki na alama ya kijivu kwenye mdomo, hata mtoto mchanga anajua. Mdomo wangu haukuwa na kitu. Senge aliuona kutoka safu ya tatu. Yeye ambaye wimbo wa kitabuni hawezi kuusoma bila miwani!

Akasema nionje tena, mtoto amesahau. Watu wakacheka kwa wema. Sikuinua. Akasema nionje. Kibuyu kikainama, maziwa yakamwagikia viatu vyangu. Mzee mmoja nyuma akauliza kwa nini haonji. Mwingine akauliza nani aliyeyatayarisha. Watu wakatazama maziwa, halafu wakanitazama mimi.

Sentensi ilikuwa hapa hapa, kwenye ulimi. Nina kidonda mdomoni, sitaki kumwambukiza. Watu wangesema aa! na kuleta kikombe. Nikasema sijisikii kunywa.

Sijisikii kunywa! Mursik wa Kogo! Mbele yake!

Lynn akainuka. Akasema wapi hayo maziwa ya kuogopwa. Akachukua kibuyu mikononi mwangu, akanywa mpaka shingo ikacheza, akageuka na masharubu ya kijivu na kuuliza kama kuna aliyemwona akianguka. Kanisa likalipuka kwa kicheko. Akampa Kiptum. Akanywa. Vigelegele. Picha. Kwenye picha mimi ni kiwiko.

Kogo hajasema nami tangu mchana. Ameosha kibuyu mara mbili, kwa kishindo.

Jumatano, 12 Februari

Kiptum amekuja nyumbani! Nilikuwa nakamua. Akasimama upande ule mwingine wa ng'ombe, akamsalimia Kogo kwanza, akamsifu mursik wake. Kogo akaenda kuchemsha chai, akasema kwa wale ambao chai haiwadhuru.

Nikamtazama. Mdomoni mwake, juu, upande wa kulia, kilengelenge. Kibichi. Kinang'aa. Cha jamaa moja na changu.

Akasema ataniambia jambo, nisimcheke. Yeye hupata vidonda hivi tangu shule ya chekechea, hasa akikimbia juani. Alidhani nimesikia, na ndiyo maana nilikataa soda yake, nikavaa barakoa, nikakataa maziwa ambayo yeye angeyanywa. Akasema hanilaumu. Alipaswa kuniambia mapema kabla ya kunipa chupa. Alikuwa anaona haya.

Aliisema! Yote! Huku akimkuna ng'ombe mgongoni! Na mimi nilibakiwa na maneno mawili tu ya kusema. Hata mimi. Mtoto wa miaka miwili anayasema akiona andazi.

Nikasema pole, sijawahi kuona kitu kama hicho.

Sijui yalitoka wapi. Yalitoka na adabu. Nilitaka tu asinifikirie vibaya.

Uso wake ukabadilika taratibu. Akasema basi afadhali. Kama mimi sina, hatakubali niupate ugonjwa huu kwake. Mtu huishi nao maisha yote. Akasema tuwe tunasalimiana. Akaaga vizuri. Hakungoja chai.

Kogo akatoka na vikombe viwili, akauliza yuko wapi. Nikasema amekwenda mazoezini. Akanitazama mdomo muda mrefu. Akasema kidonda cha wiki iliyopita kinapona vizuri.

Ijumaa, 14 Februari

Mpango! Nimelala nao, nimeamka nao, bado ni mzuri. Nitamwambia Kiptum kwamba nimeambukizwa. Sasa hivi, mara ya kwanza. Kutoka kwake. Basi hatakuwa na sababu ya kuniogopea, tutakuwa sawa, na sitakuwa nimesema uongo, ila tarehe tu.

Tatizo la kwanza: mdomo umepona. Umekuwa laini kama wa Lynn. Nilisimama kwenye jua bila kofia saa mbili. Nilioga maji ya mtoni. Nilijitia wasiwasi kwa makusudi. Hakuna kitu.

Tatizo la pili limetoka kwa Kogo, nilipomuuliza kwa mbali kama mtu anaweza kupata homa ya mdomo kwa kunywea kibuyu. Akasema anaweza, lakini ni lazima anywe.

Kanisa zima ni mashahidi kwamba sikunywa.

Jumapili, 16 Februari

Leo nje ya kanisa. Kiptum alikuwa amesimama peke yake, mkono mdomoni, kigaga kimekauka. Lynn akapita. Akatazama. Akasema, kwa sauti ya sokoni, lo, hata wewe! Yeye vidonda humtoka kila Agosti baridi ikizidi, na mama yake, na nusu ya kwaya. Akamwambia atoe mkono, hakuna anayeangalia. Watu wote walikuwa wanaangalia.

Kiptum akacheka. Akatoa mkono. Wakaenda dukani wakizungumza, kila mmoja akanunua soda yake.

Sentensi yangu. Lynn ameisema bila hata kusimama.

Bwana Gekara akanikuta getini. Akanguruma akiuliza kama rafiki yangu alimwambia yule mvulana. Nikasema bado anatafuta nafasi. Akasema nafasi gani, si ana mdomo? Nikasema huo ndio wenye shida.

Jumanne, 18 Februari

Wasiwasi umefanya kazi, siku nne baadaye. Kidonda kimetokea! Chini, kushoto. Kikubwa kuliko vyote.

Na Kiptum alikuwa kituoni, peke yake. Lynn yuko dukani kwa baba yake. Nilisahau kugeuka. Akaniona. Akaja, akatazama mdomo wangu, na macho yake yakawa kama ya siku ya soda. Akauliza polepole, kama mtu anayefungua mlango kwa mwenye mikono iliyojaa mizigo: Joan, hicho mdomoni ni nini?

Alikuwa anajua. Alitaka tu niseme. Mizani ilikuwa kimya. Hapakuwa na mtu.

Nikasema ni nyuki.

Akautazama mdomo wangu tena. Kisha akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Akasema nyuki ni habari njema, baba yake anatafuta mzinga wa kuanzia ufugaji. Akauliza wako upande gani. Nikaonyesha kidole kule juu, penye miti ya mabluu, ile mikaratusi mirefu. Akasema kesho baba yake atakuja niwapeleke.

Nimemwomba Kogo aniamshe mapema sana. Kuna mpango. Lazima nipate nyuki kabla mzee hajafika.