Jalala Lisihame

Jumatatu, 5 Agosti 1968

Habari nzito. Adrien, karani wa ofisi ya mji, amepita kuchukua kibatari chake. Anasema jalala la nyuma ya machinjio limejaa. Bujumbura imenenepa. Wengine wanashuka kutoka milimani, sisi tumevuka kutoka Kongo, na kila mtu ana cha kutupa. Alhamisi atakuja mpima. Ama jalala litapanuliwa hapa hapa kuelekea bondeni, ama litahamishwa mbali, kilomita tisa.

Vibatari vyangu natengeneza kwa makopo ya maziwa. Makopo nayaokota jalalani. Likibaki, nina kazi mpaka uzee. Likihama, narudi kuuza karanga kama mwaka ule nilipofika. Mke wangu Geneviève anasema tusali. Sawa, tusali. Lakini na mpango uwepo.

Zénon, fundi bati wa ng'ambo ya barabara, hajasema neno. Mtu akinyamaza hivyo ana lake.

Jumanne, 6 Agosti

Nimezunguka mtaa mzima nikieleza faida za jalala. Mbolea. Kazi. Daphrose, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ameuliza kama niko tayari kuhamia huko na kitanda changu. Nikajifanya sikusikia.

Mzee Shaabani ndiye mkubwa wa mtaa, na nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya jalala. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu: "Birindwa, mwanangu, mi nakuelewa. Lakini we unaenda kule na unarudi. Ile harufu inakuja kwangu na hairudi."

Niliona haya. Chai nikaimaliza.

Njiani nikapata jibu. Kumbe ubaya si jalala. Ubaya ni harufu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimekata mizigo mitatu ya majani ya mikaratusi, yale yale tunayojifukiza tukiwa na mafua. Mpima akifika nitayachoma pembeni. Jalala litanukia kama dispensari. Atalipanua kwa moyo mmoja, na mzee Shaabani atapumua vizuri. Kila mtu atafurahi.

Geneviève ameuliza kama najua kwamba ni kiangazi na kila kitu kimekauka. Nikamwambia wanawake wanaogopa moto kwa sababu wanapika. Amejaza maji beseni kubwa na kuliweka mlangoni. Sijui la nini.

Alhamisi, 8 Agosti

Nyusi sina.

Mpima, Bwana Jovithe, alifika saa nane na kamba yake ya kupimia. Nikawasha. Mwanzoni mambo mazuri. Alivuta pumzi, akauliza nani anaumwa mafua. Nikacheka kimoyomoyo. Halafu upepo wa ziwani ukaingia. Moto ukashika makaratasi, makaratasi yakashika matairi. Moshi mweusi ukapanda mpaka Kiriri kwa wakubwa.

Zénon ndiye aliyepanga watu mstari kutoka mtoni, ndoo mkono kwa mkono, kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Mzee Shaabani alivua kanzu akabeba maji na miaka yake yote. Geneviève alikuwa nyuma yangu na lile beseni.

Moto ulizimika jua likizama. Nyumba zote zimepona.

Ijumaa, 9 Agosti

Sikulala. Asubuhi Bwana Jovithe alirudi kuuliza nani aliwasha. Watu wakatazama chini. Nikafungua mdomo nikiri, mzee Shaabani akanitangulia. Akasema ni jua, limepiga kwenye chupa zilizovunjika. Jovithe akaandika: jua.

Baadaye nikamfuata mzee nyumbani kwake kumwomba radhi. Akasema alijua tangu mwanzo, maana hajawahi kuona mukaratusi unaota kwenye takataka. Nikauliza kwa nini basi amenificha. "We ni mutu wetu," akasema. "Na sasa watalihamisha. Mambo yameisha."

Nililia kidogo njiani. Moshi ulikuwa bado machoni.

Jumatatu, 12 Agosti

Hayajaisha. Adrien ameleta uamuzi. Jovithe alipima tena na kukuta moto umeteketeza karibu nusu ya takataka. Nafasi imepatikana. Jalala linabaki, na bondeni litaongezwa. Magari yataleta taka za mji wote, hata za mtaa wa Kigobe kule mbali.

Nimepata nilichotaka. Nilipita kwa mzee Shaabani nikamkuta anaziba dirisha kwa magunia. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya Geneviève. Hakunipa chai.

Tena wanajenga ua, na kuna mlinzi. Ni Zénon. Wamempa kwa ushujaa wake. Mimi naruhusiwa kuokota makopo Jumamosi tu, na niingie mikono mitupu, akague mifuko kwanza.

Jumanne, 13 Agosti

Nimemwambia Geneviève kwamba mzee yule alinisitiri, na mimi simwachi na ile harufu. Akasema nimpelekee kibatari, niombe msamaha, nikae kimya. Kibatari nimepeleka. Msamaha nimeomba. Kukaa kimya ndiko kulikonishinda.

Kule juu mto uko karibu sana. Nikichimba mfereji mmoja tu, upite nyuma ya nyumba ya mzee, pembeni kidogo, mvua za kwanza zikiujaza mto, maji yataliosha jalala lote mara moja. Jembe nimeshaazima. Kosa langu lilikuwa moto. Maji hayaunguzi mtu.