Habari za Mrusho Mtukufu wa Nyasani wa Gesima

Enyi mlimao wimbi kwenye miteremko ya Gesima, nanyi mkatao ndizi Suneka, nanyi wachuuzi wa Magwagwa mjuao bei ya kila kitu, tueni mizigo yenu mketi. Sitawasimulia habari za wafalme, kwa kuwa hatukuwa nao. Wala za mikuki ya babu zetu, maana hizo mmezisikia hadi zimewachosha. Nitawasimulia habari za mkono wa kuume wa Nyasani mwana wa Bosibori, na za Bwana Toliva mwenye filimbi, na za mpira mmoja uliorushwa ukadakwa, jambo ambalo milima yetu ilikuwa haijapata kuliona tangu Mungu alipoikunja na kuiweka hapa.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu vijana wetu waliosalia kurudi kutoka vita vya Waingereza huko Bama. Katika shule yetu ya misheni juu ya Gesima aliishi mwalimu Mmarekani, huyo Bwana Toliva, mrefu kama mkaratusi, mpole darasani, mpole mezani, mpole hata kwa siafu walioingia jikoni mwake. Lakini alipokwenda uwanjani, upole ule aliuacha mlangoni kama mwavuli. Maana katika ujana wake huko Mishigani aliucheza mchezo wa taifa lake, ambao wao huuita mpira wa miguu ingawa miguu huugusa kwa nadra, na mpira wenyewe si wa duara bali umechongoka ncha mbili kama papai.

Vita vya mchezo huo ni hivi. Watu kumi na mmoja huwakabili kumi na mmoja, vichwa vimeinama kama vya mafahali. Wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele, na wasiposogea vya kutosha huwaachia wenzao. Nyuma ya ukuta wa miili husimama mtu mmoja. Yeye ndiye apokeaye mpira kwanza, kisha aukimbize, ampe mwenziwe, au aurushe mbali. Cheo hicho Bwana Toliva alikiita kotabeki, nasi tukakipokea hivyo hivyo, kama tulivyopokea soksi.

Kotabeki alipatikanaje? Siku moja Bwana Toliva, akipita na baiskeli yake, alimwona kijana amesimama juu ya dungu katika shamba la mama yake. Ngedere mmoja alikuwa akitoroka na hindi upande wa pili wa kijito. Kijana akaokota bonge la udongo, akalirusha, nalo likamkuta ngedere mgongoni kama barua iliyoandikwa jina lake. Bwana Toliva akashuka kwenye baiskeli. Nyasani alidhani ameshtakiwa, kumbe ameteuliwa.

Na hapa imempasa mwandishi kuwa mwadilifu. Bwana Toliva alijua kufundisha. Alimwonyesha Nyasani kuweka vidole juu ya mshono wa ngozi, kutanguliza mguu wa kushoto, kuutoa mpira karibu na sikio. Kabla mvua za masika hazijapungua, Nyasani alikuwa akiurusha kutoka ukingo mmoja wa uwanja hadi karibu na ukingo wa pili, na Okeyo, mwana wa fundi cherehani aliyepanda kwetu kutoka kando ya ziwa, Okeyo mwepesi wa nyayo, aliukimbilia na kuudaka huku akicheka. Hayo yalikuwa mazoezini, ambako hakuna adui.

Lakini Bwana Toliva hakuridhika na mkono. Alitaka pia kichwa, na kichwa hicho kiwe chake mwenyewe. Kila hila ya vita aliipa jina kutoka Maandiko Matakatifu, ili tuikumbuke, naye akiwa pembeni aliita jina kwa sauti, nasi tukatenda. Akiita Yeriko, sote tulisukuma mbele kwa pamoja. Akiita Bahari ya Shamu, tuligawanyika, na mwenye mpira akapita katikati. Akiita Yona, Nyasani alirusha mbali kadiri awezavyo. Ilikuwa hekima kubwa, na ilikuwa na dosari moja tu.

Dosari yenyewe ilifunuliwa siku walipokuja kwetu watu wa Suneka. Hao walifundishwa na Mmarekani mwenzake, fundi seremala, nao Biblia walikuwa wameisoma kama sisi. Bwana Toliva alipoita Yeriko mara ya pili walikwisha kuelewa. Alipoita Bahari ya Shamu, walikuja kusimama katikati kama jeshi la Farao lililopata akili. Jioni ile tulirudi bwenini tukichechemea, na Nyasani alikuwa na udongo masikioni.

Mtu mwingine angepunguza majina. Bwana Toliva aliyaongeza. Hakutosheka na majina ambayo kila mtu ayajua, akashuka kwa manabii wadogo: Habakuki ilikuwa kushoto, Hagai kulia, Obadia ilikuwa kumpa mwenzetu Ratemo mpira huku ukijifanya hukumpa. Nyasani alijifunza yote. Aliyakariri njiani na mezani, hata mama yake Bosibori, akimsikia akinong'ona "Nahumu, Nahumu" juu ya sahani ya obokima, yaani sima yetu ya wimbi, alidhani mwanawe ameitwa kuhubiri, akamshukuru Mungu.

Uwanjani lakini mambo yalikuwa kinyume. Nyasani alipokea mpira, kisha akageuza uso pembeni kuutazama mdomo wa Bwana Toliva. Kabla mdomo haujafunguka, alikuwa chini. Mara nyingine aliitiwa Yona akarusha pale alipoagizwa, na pale palikuwa na nyasi tu, kwa sababu Okeyo alikuwa amejikwaa. Bwana Toliva alimwuliza kama hakuona kuwa Okeyo ameanguka. Nyasani alijibu kwa heshima kuwa aliambiwa Yona.

Ugonjwa ule ukaenea. Wakati wa likizo mama yake alimtuma alinde mahindi. Ngedere akaja, akavunja hindi, akakaa kulila. Nyasani akasimama juu ya dungu, bonge la udongo mkononi, mguu wa kushoto mbele, vidole sawasawa kabisa, asirushe. Alikuwa anangoja kuambiwa. Bosibori alitoka nyumbani akamfukuza ngedere kwa mwiko, akamtazama mwanawe, akarudi ndani. Nyasani alituambia baadaye kuwa afadhali angemtukana.

Tuliporudi shuleni habari zilikuwa zimetangulia: Ratemo ndiye angekuwa kotabeki. Ratemo alikuwa mpana kama ghala la wimbi na masikio yake yalisikia kila kitu, ila akirusha mpira ulianguka karibu na vidole vyake vya miguu. Tulikuwa tumebakiwa na pambano moja, la marudiano, huko huko Suneka.

Ndipo Okeyo, walipokuwa wakifua nguo mtoni, akasema maneno yanayostahili kuchongwa kwenye jiwe, maana katika timu yetu hakuna mwingine aliyekuwa ameyafikiria.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi nakimbia hadi mwisho, nageuka, naona kisogo chako. Kila mara ni kisogo. Sasa mpira utanijuaje?"

Nyasani alikamua shati lake hadi likakauka mikononi. Kisha akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Bwana Toliva, akavua kofia, akasimama chini ya ngazi za baraza. Sisi wengine tulijificha nyuma ya ua, kama desturi ya mashujaa wanaomwunga mkono mwenzao.

"Bwana," alisema, "umenifundisha kushika mpira, nami nashika. Umenifundisha kusimama, nami nasimama. Lakini nikiwa na mpira natafuta mdomo wako, na wale wa Suneka hawatafuti mdomo wa mtu, wananitafuta mimi. Naomba mchezo mmoja tu, nafasi moja katika zile nne, ambayo hutaniambia kitu. Nikianguka, mpe Ratemo cheo."

Bwana Toliva aliweka kikombe chake chini. Alieleza kwa urefu kuwa huko kwao kotabeki wa mwaka wa kwanza haachiwi hata kuchagua viatu vyake. Kwamba mwalimu huona uwanja wote na mchezaji huona vumbi. Kwamba alikuwa akimsaidia. Nyasani hakuondoka. Alisimama tu, kofia mkononi, na jambo hilo halikuwa na jina lolote katika Agano la Kale wala Jipya ambalo Bwana Toliva angeliita.

"Mmoja," Bwana Toliva akasema hatimaye. "Na ni upi, nitachagua mimi."

Naam, hata uhuru wenyewe ulitolewa kwa amri.

Jumapili ya pambano Suneka ilifurika watu. Kina mama walikuja na vikapu, wazee na vigoda vyao, na Bosibori alitembea tangu alfajiri kuja kuona ni kitu gani kilichomharibia mwanawe mkono. Mabao ya Suneka mwandishi hakuyahesabu, kwa heshima. Yeriko ilisukumwa ikagoma. Habakuki alikwama kushoto, Hagai akazama kulia. Mawingu ya mvua ya alasiri yalikuwa yamekwisha kukusanyika juu ya kilima, ushindi ulikuwa umekwisha kututupa mkono, na tulikuwa na nafasi moja ya mwisho, wakati ambapo hata malaika asingeweza kutuokoa. Ndipo Bwana Toliva, kwa ukarimu wa mtu anayegawa alichokwisha kukipoteza, akapaza sauti akasema, "Nyasani, huu ni wako."

Akaitia filimbi mfukoni. Akaitoa. Akaitia tena. Kisha, akijijua udhaifu wake, akaupa uwanja kisogo, akaielekea migomba, mikono imefungamana mgongoni. Tuliiona shingo yake ikigeuka nyekundu. Msidhani vita vilipiganwa upande wetu tu.

Nyasani akatukusanya. Aliwatazama Suneka, akawatazama hasa, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeingia nyumba aliyokuwa akipita nje yake tu.

"Hakuna Biblia sasa," alisema. "Okeyo, yule wa upande wako amechoka. Nenda kidogo tu, ugeuke. Wengine, nizuieni."

Tukasimama mstarini. Suneka wakatega masikio, wakangoja nabii. Nabii hakuja. Kimya kile kiliwatia hofu kuliko makelele yetu yote. Mpira ukaenda mikononi mwa Nyasani. Ukuta ukagongana na ukuta. Ratemo, ambaye cheo kilikuwa kinamngoja, alijitupa mbele ya fahali mmoja wa Suneka akamzuia kwa tumbo lake, nami nawaambia hilo lilikuwa tendo la kiungwana. Nyasani akarudi nyuma, uso mbele. Mguu alioutanguliza ulikuwa wa kulia, mguu usio wa kutangulizwa. Akarusha.

Haukupaa kama tai. Uliyumbayumba hewani kama kuku aliyetupwa kutoka darini. Lakini ulikwenda pale alipokuwa Okeyo, na Okeyo alikuwepo, ameelekea kwake, mikono wazi. Akaupokea kwa tumbo, akaukumbatia, akaanguka nao chini, na wanaume wawili wa Suneka wakaanguka juu yake, na chini ya rundo lile tukamsikia akicheka.

Tulipopima, tulikuwa tumesogea mbele kiasi cha urefu wa mtu aliyelala akanyoosha mkono mmoja. Haikutosha. Mpira ulichukuliwa na Suneka, mvua ikanyesha, na pambano likaisha vile lilivyokuwa likienda kuisha.

Bwana Toliva aligeuka kwa sauti zetu, akamkuta kotabeki wake amebebwa mabegani na timu iliyoshindwa. Alipofika karibu aliuliza ule ulikuwa mchezo gani.

"Haukuwa na jina, Bwana," Nyasani alisema kutoka juu. "Nilimwona Okeyo yuko peke yake."

Bwana Toliva akautazama mguu wa kulia wa Nyasani. Alifungua mdomo. Sote twajua alichotaka kusema, maana alikuwa na haki ya kukisema. Mvua ilikuwa ikimchuruzika puani. Akaufunga mdomo, akampa Nyasani mkono, kisha akatangulia njiani peke yake. Bosibori alikuwa kando ya njia na kikapu chake. Alimpa ndizi, naye akaipokea kwa mikono miwili kama tulivyomfundisha.

Basi na ijulikane kwa vizazi kwamba katika mwaka ule, huko Suneka, mtu wa Gesima aliachwa aamue, akaamua. Katika mechi ya kwanza ya msimu uliofuata aliachiwa michezo miwili, akaharibu mmoja, na hakuondolewa.

Nayo sifa ya mrusho ule ilipanda milima kwa miguu yake yenyewe. Ulipofika Gesima, ulikuwa na urefu wa ng'ombe na ndama wake. Ulipofika Magwagwa siku ya soko, ulikuwa umevuka shamba zima la kahawa na kumwangusha askari kofia. Mimi nilikuwa pale, uso matopeni, goti la mtu wa Suneka mgongoni mwangu, na sikuona chochote. Mkiniuliza, nitawaambia ulivuka mto.