Bastola Isiyokula Risasi

Jamani wa kwetu, leo nimejivua nguo mchana kweupe, mbele ya Mwarabu, Mfilipino na Mkenya. Mkenya ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu tunakaa chumba kimoja.

Nimeona niwasimulie mwenyewe kwenye grupu kabla Wafula hajawasimulia. Yeye akianza ataongeza chumvi, na kisa chenyewe, walahi, hakihitaji chumvi.

Kwa wasionijua, mimi ni Rajabu, mlinzi wa geti la maegesho kwenye jengo moja pale Pearl. Jua la Doha mnalijua. Mwezi huu wa saba, ukisimama pale getini hata kivuli chako kinatamani kukuacha kikakae ndani. Soli za buti zinalainika. Jasho linashuka mpaka kwenye soksi. Halafu kila gari linalofika linashusha kioo, ubaridi wa AC unanipitia usoni, mwenye gari ananionyesha kadi, kioo kinapanda. Huo ubaridi wa kuonjeshwa ndio unaoniua.

Chumbani kwetu Al Rayyan wananiita Mjeda, yaani mwanajeshi. Jina nimelipata kihalali. Siku niliyofika niliwaambia nimepitia mafunzo, na sikudanganya. Nilipitia mgambo kwetu Urambo, nikapiga kwata, nikatambaa kwenye matope, nikafundishwa silaha. (Habari ya silaha zenyewe tutaifikia, msiwe na haraka.) Ila mafunzo yangu yana tabia ya kukua. Mwaka wa kwanza nilikuwa mgambo, mwaka wa pili mwanajeshi. Mwaka huu nimeshaanza kuruka na miavuli.

Sasa, wiki hii msimamizi wetu alikuja na tangazo. Kampuni imepata mteja mpya, klabu ya kulenga shabaha, na wanataka mlinzi wa ndani. Nasema ndani! Kazi ni kukaa kaunta, kuwakabidhi wageni bastola na kuzipokea wakimaliza. Meneja wa pale, mzee mmoja Mwarabu aitwaye Abu Hamad, anataka mtu mwenye mazoea na silaha. Tena yuko mbioni kununua bastola za bei nafuu kwa ajili ya wageni wanaokuja kujifurahisha tu siku ya Ijumaa, kwa hiyo atakayetaka hiyo kazi aje, azijaribu, atoe maoni yake ipi inafaa.

Chumba kizima kikanigeukia. Nikavuta pumzi kama mtu aliyechoshwa na vita, nikasema, "Nitakwenda kuwasaidia."

Wafula naye akasema atakwenda. Huyu ni mlinzi mwenzangu, mtu wa Bungoma, mpole, hajawahi kushika hata manati. Nikamwambia aje tu, hana cha kupoteza, atajifunza kwa kuniangalia. (Mungu anasikia, jamani. Maneno kama hayo hayampiti.)

Jana nikampigia mke wangu, Mwajuma, nikamwambia natoka juani. Akauliza kama ni ndani kabisa, penye milango ya kufungwa. Nikamwambia ndani kabisa, tena nitahitaji sweta. Akacheka, halafu akalia kidogo, maana kila nikimpigia nikiwa zamu ananisikia ninavyohema na hasemi. Niliposikia vile nikaona kazi nimeshaipata. Nikamwambia sweta aanze kuifuma.

Basi leo asubuhi tumefika klabuni. Buti zangu nimezipiga kiwi mpaka unaweza kujitazamia nywele. Kifua mbele. Wafula nyuma yangu, amebeba chupa yake ya maji.

Abu Hamad akatupokea vizuri, kanzu nyeupe, ndevu za mvi, Kiingereza cha taratibu. Pembeni yake alikuwepo mkufunzi, dada wa Kifilipino anaitwa Maricel, mdogo wa umbo lakini macho yake hayana mchezo. Mezani kulikuwa na bastola za aina tatu. Moja nyeusi, nyepesi, ya plastiki nusu. Moja ya chuma, mtutu mrefu. Na moja ya silinda, ile ya kuzunguka, kama za kwenye sinema. Zote ni za risasi ndogo kabisa, nyembamba kuliko kalamu. Mzee akatueleza kwamba risasi hizi ndizo rahisi kwa bei, hazina kishindo kikubwa na wala hazirushi mkono, ndiyo maana zinawafaa wageni. Kisha akasema jambo moja na akalirudia: risasi hizi hugongwa ukingoni, si katikati, kwa hiyo ukifyatua bastola ikiwa tupu, pini inagonga chuma kwa chuma na inaharibika. Msifyatue bastola tupu.

Mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa jina lake.

Maricel akauliza nani anahitaji kuelekezwa. Wafula akanyoosha mkono palepale. Akauliza maswali mpaka nikaona haya kwa niaba ya Afrika Mashariki. Eti risasi inaingilia wapi. Eti mgeni mwenye vidole vifupi atafikia? Eti akiitazama ataijuaje kama ina risasi au haina? Dada wa watu akamwonyesha taratibu, moja baada ya nyingine, kwa zile bastola zote tatu.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Mimi ni mwanajeshi," nikamwambia.

(Hapo ndipo mtu mwenye akili angekohoa, akasingizia malaria, akarudi kambini.)

Nikachagua ile ya silinda, kwa sababu inapendeza mkononi. Maricel akaniwekea boksi dogo la risasi pembeni yangu, akatundika karatasi ya shabaha, akaisogeza mbele kule kwa kitufe. Tukavaa vile vidude vya kuziba masikio. Wafula akasimama kwenye nafasi ya pili ya kulengea, kuna kizuizi kifupi katikati yetu, pamoja na wanachama wawili watatu wa klabu waliokuwa wakipiga zao.

Sasa ndugu zangu, tumefika kwenye ile habari ya silaha.

Bunduki niliyofundishwa Urambo ilikuwa ya mti. Mninga safi, kazi ya fundi Seleli, ina mpaka mkanda wa kuning'iniza begani. Kuruta wote tulikuwa nazo. Mshauri wa mgambo, ndiye mkufunzi wetu, akisema "Lenga shabaha," tunalenga. Akisema "Piga," tunapiga. Na kwa kuwa mti hauna risasi, mlio ulitoka kwetu. "Paa!" Ukitoa paa ya kivivu unazunguka uwanja ukiruka kichura. Mimi paa yangu ilikuwa ya kuigwa. Nilisimamishwa mbele ya kikosi kuwaonyesha wenzangu.

Hata mara moja hatukufundishwa kuweka risasi. Ungeiweka wapi?

Basi nikanyoosha mkono, nikafumba jicho moja, nikasikia kabisa kichwani sauti ya yule mshauri. Lenga shabaha. Nikalenga. Piga. Nikabonyeza, na mdomo wenyewe, bila kuniomba ruhusa, ukafunguka.

"Paa!"

Masikio yameziba. Upande wa pili wale wanachama wanapiga, nasikia vishindo kwa mbali, naona kimoja ni changu. Mkono haukuruka. Nikakumbuka maneno ya mzee, kwamba hizi hazirushi mkono wala hazina kishindo. Nikasema moyoni, kumbe kweli! Nikabonyeza tena. Paa! Silinda inazunguka vizuri. Paa! Nikaongeza na ule mtindo wa kuinua bega kidogo, kama tulivyofundishwa ili ionekane bunduki imesukuma. Paa! Paa!

Kumbe Maricel alishanyanyua mkono kuwasimamisha wote. Wanachama wameacha kupiga, wameshavua vile vidude, ukumbi uko kimya kabisa. Anayelenga huwa hashikwi kwa nyuma asije akageuka na silaha, kwa hiyo wakabaki wamesimama wananingoja nimalize vita. Aliyekuwa anapiga ni mimi peke yangu, kwa mdomo. Wafula anasema kila nikibonyeza inalia kach, paa inafuata, na kila kach Abu Hamad anafumba macho kama mtu anayeona gari lake linakwaruzwa ukutani.

Nilipochoka nikaiweka bastola mezani kwa madaha, nikavua vidude vyangu, nikageuka. Nikakuta wote wananitazama. Nikajua nimewashangaza.

Abu Hamad akaniuliza kwa upole, maoni yangu ni yapi.

Nikampa. (Ee Mola, kwa nini hukunipa kigugumizi wakati ule?) Nikamwambia katika maisha yangu ya kijeshi sijaona bastola tulivu kama hii. Mkono hairushi hata kidogo. Kelele hakuna. Moshi hakuna, harufu hakuna, haichafuki, mgeni hata wa kike, hata mzee, ataipiga kutwa nzima bila kuchoka. Nikamshauri anunue hiyo hiyo, aache kupoteza muda na zile nyingine.

Maricel akabonyeza kitufe. Karatasi ikaja inapepea mpaka mbele yetu. Nyeupe. Haina hata alama ya mbu.

Nikaitazama, nikaona nisishindwe kirahisi. Nikasema zote zimepita tundu moja.

"Tundu lenyewe liko wapi, Mjeda?" akauliza Wafula.

Maricel akachukua lile boksi la risasi kwenye meza yangu, akalifungua, akanionyesha. Lilikuwa limejaa, zimepangana kwa adabu kama zilivyotoka kiwandani. Ndipo damu ikanishuka, kuanzia utosini, ikaja ikapita masikioni ikiwa ya moto.

Abu Hamad akaishika ile bastola, akaitazama kwenye mwanga, akapuliza. Nilidhani atafoka. Badala yake akakaa kitini, akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba, mabega yanatikisika.

"Nimezunguka Doha yote kutafuta bastola ya bei nafuu," akasema. "Wewe umenipatia isiyohitaji risasi."

Hapo hata Maricel akashindwa. Wale wanachama nao. Mmoja alitaka nipige tena, arekodi kwa simu. Nikakataa. (Nilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili niliona nitamkosea heshima mzee, nikapiga moja.)

Wafula zamu yake ilipofika aliweka risasi zake moja moja kama alivyoelekezwa, akapiga, akatoboa karatasi pembeni kabisa, na moja ikatoboa karatasi yangu iliyokuwa imerudishwa kule mbele. Akaomba radhi. Kisha akasema kwa maoni yake ile nyeusi nyepesi ingewafaa wageni wengi, ila yeye zote anaziogopa. Abu Hamad akamtazama, akasema mtu anayeziogopa ndiye anayetaka akae nazo. Khalas, yamekwisha. Anaanza kazi Jumapili. Ndani.

Nisiwafiche, njiani mimi ndiye niliyetembea nyuma ya Wafula. Kicheko cha watu nimekizoea, sina shida nacho. Nilikuwa nawaza simu.

Na kweli, hata buti sijavua, Mwajuma akapiga. Nilipopokea tu akaanza na habari ya rangi ya sweta, kwamba amepata uzi wa buluu. Nikamkatiza. Nikamwambia nafasi imekwenda kwa Wafula.

"Wafula yule uliyesema hajawahi kushika bunduki?"

"Huyo huyo."

Mwajuma ni mtu wa kwetu kule kule. Siku zile za mafunzo alikuwa akipita kando ya uwanja na ndoo yake ya maji, anatuona tunavyomaliza maadui kwa midomo.

"Kwani wewe, Baba Zuhura," akasema, "uliishika lini?"

Nikaanza kufungua kamba za buti. Akasema sweta ataifuma tu, Wafula atahitaji.

Sasa hivi ninavyoandika, Wafula yuko kitanda cha pili anapiga pasi sare zake mpya, na kila pasi inapogusa nguo yenye maji ikalia, anasema taratibu, "paa." Kesho mimi niko getini kama kawaida. Mnaopita pale Pearl na magari ya mabosi wenu, nawaomba kwa heshima zote msinicheke. Na mkishindwa kabisa, basi shusheni vioo ndio mcheke, angalau nipate ubaridi.