Mwalimu Adalbert na Zile Inéquation Mbili

Jumatatu, 5 Machi 2001
Nafasi imefunguka! Mwalimu wa hesabu amekimbia masasi ya vita, iko kisiwani Idjwi kwa wakwe zake. Préfet, mukubwa wa shule, akauliza nani anaweza kushika algebra. Nikainua mukono kabla Barthélemy, mwalimu wa biologie, hajainua wake. Mimi, mwalimu wa dini! Lakini Martine wa Kifaransa alikuwa anaangalia. Alitabasamu. Ao alipiga mwayo. Hapana, alitabasamu!

Jumanne, 6 Machi
Nimefungua kitabu. Balaa! Inéquation mbili, zile za "inapita" na "haifike", kwa mara moja, zimeunganishwa kwa "na" ao kwa "ao". Nikamuendea Barthélemy kijanja, eti mupwa wangu ndiye anauliza. Akachora mustari wa namba. Kukiwa "na", alisema, bakiza tu kipande ambacho zote mbili zinakubali. Kukiwa "ao", moja ikikubali inatosha. Alieleza kwa upole. Upole wa nini? Naye anamutaka Martine! Mutego huu! Nitafundisha kinyume. Akili yangu, jamani!

Jumatano, 7 Machi
Préfet akaja kukaa nyuma ya darasa, Martine kando yake! Nikaandika: x inapita 2, na x haifike 5. Nikapaka chaki nyekundu mustari wote wa namba, toka mwanzo wa ubao mpaka mwisho. Utukufu! Kisha mwanafunzi Colombe akauliza kama basi mia moja haifike tano.
Nikamujibu: "Kwa vita hii, mwanangu, kila kitu kinawezekana."
Darasa zima likaangua kicheko. Préfet hakucheka. Akafuta yote, akabakisha kipande kifupi kati ya mbili na tano, na viduara vitupu kwenye ncha, kwa sababu mbili na tano zenyewe hazimo. Sawasawa na maneno ya Barthélemy!

Alhamisi, 8 Machi
Algebra imepewa Barthélemy. Nimegundua ujanja wake: alisema ukweli ili nisimuamini! Mutu hatari. Martine aliniambia hajacheka vile tangu vita ianze. Mapendo hayo!

Ijumaa, 9 Machi
Mungu mukubwa! Mwalimu wa fizikia amekwama Uvira, barabara imefungwa. Nikainua mikono miwili. Somo la Jumatatu ni umeme, na Martine amealikwa. Barthélemy akanikimbilia mpaka kwenye mulango, eti nisigusanishe nyaya mbili za betri ya gari, zitatoa moto. Masikini! Anafikiri sijajua ujanja wake. Nitazigusanisha mbele ya watu wote.