Masharubu ya Pak Darmaji na Kilele cha Cempluk

Sikizeni, enyi mlioketi na mlio njiani! Mwenye kikombe na akitue, mwenye mtoto na ambembeleze, niwasimulie habari za Pak Darmaji, yaani Bwana Darmaji, kinyozi wa kijiji kimoja kisiwani Java, simba wa mkasi, bwana wa masharubu mawili yaliyopinda juu kama pembe za nyati, na jinsi alivyoutafutia njia Mlima Cempluk, mlima ambao hata kuku angeupanda kabla ya adhuhuri, ila tangu dunia kuumbwa hakuna wa pale aliyekuwa na haja ya kuupanda.

Vita vilizuka kwenye kibanda chake cha kunyolea. Pak Tukiran, muuza supu ya madonge ya nyama, alikuwa chini ya wembe aliposema kwamba milima yote ya Java hupandishwa bendera sikukuu ya Uhuru, isipokuwa huu wao usio na njia. Shujaa akausimamisha wembe.

"Tukiran, kabla jua la sikukuu halijafika utosini, bendera itapepea kule juu, na mke wangu ataiona akiwa jikoni. Isipopepea, masharubu haya utayanyoa wewe, watu wakitazama."

"Kwa wembe huu huu?"

"Huu huu."

"Basi usiunoe tena, Pak. Nataka uyasikie yakitoka."

Bu Sulasmi, mkewe, alimfungia wali kwenye jani la mgomba, akasema kwamba aliyeshindwa kupanda kuziba paa la jiko sasa anakwenda kupanda mlima.

Asubuhi ya sikukuu shujaa akatoka, bendera kifuani, mkasi kiunoni, mwanzi wa bendera begani. Chini ya mlima alimkuta mtu akiosha ng'ombe, akamuuliza njia. Mtu yule hakuwahi kupanda hata siku moja, lakini kumwacha muulizaji bila jibu ni utovu wa adabu, kwa hiyo alinyoosha kidole gumba, ambacho huko ndicho kidole cha adabu, kwa heshima zote, upande wa kushoto.

"Karibu tu, Pak. Hapo hapo."

Shujaa aliona kwa macho yake kwamba kushoto kunateremka mtoni. Lakini nani angekipa mgongo kidole kile, mwenyewe anatazama? Akaenda kushoto. Mama aliyekuwa akianika mihogo akamwelekeza kulia, karibu tu, akaenda kulia. Mchunga mbuzi akamrudisha alikotoka, hapo hapo. Hivyo ndivyo jemadari wetu, asiyeshindwa na adui yeyote ila adabu, alivyouzunguka mlima kama ngamia wa kinu, hata akatumbukia katika kichaka kisicho na binadamu.

Humo hamkuwa na wa kumstahi. Akainua macho, akakiona kilele, akakiendea. Siri yote ilikuwa hiyo.

Hatua chache tu chini ya kilele, mwiba wenye kulabu ukamnasa sharubu la kushoto. Akirudi nyuma, anaachiliwa. Akisonga mbele, anashikwa. Jua nalo lilikuwa linakaribia utosini.

"Enyi masharubu," akasema, "nimewapaka mafuta tangu ujana wangu. Nilikuja huku kuwaokoa. Nisameheni."

Akauchomoa mkasi. Alilia, wala simsitiri. Alipokata la kushoto akakata na la kulia, maana hata msibani kinyozi ni kinyozi.

Kilele kilikuwa na upana wa mkeka, na mjusi mmoja aliyempisha. Bendera ikapanda juu ya mwanzi, nyekundu na nyeupe, na kule chini Bu Sulasmi akaitazama dirishani hadi chakula kikaungua kikaangoni.

Tukiran alimpokea na wembe mkononi. Akautazama mdomo ule mtupu.

"Sasa mimi ninyoe nini?"

Bu Sulasmi akamsogelea mumewe, akamgusa juu ya mdomo. "Miaka yote hii," akasema, "kumbe kulikuwa na mtu humu ndani."

Basi na iandikwe katika tarehe za mataifa kwamba siku hiyo Cempluk ulipata njia, na mwenye kuijua alikuwa mmoja tu. Ndiyo maana Tukiran, roho ikimuuma, alimeza fahari yake, akamwuliza inapitia wapi.

Shujaa akanyoosha kidole gumba, kwa heshima zote, upande wa mtoni.

"Karibu tu, Pak. Hapo hapo."

Na Tukiran, aliyelelewa vizuri, akaenda.