Fizi za Mgombea

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Jumapili tunachagua mwenyekiti wa kijiwe chetu cha bodaboda hapa Bulyanhulu. Nautaka uenyekiti huu kuliko kitu chochote. Mpinzani wangu ni Agapiti, mtu asiyejua hata kupanga foleni ya abiria. Fizi zangu zinatoa damu. Mke wangu, Mektilda, anasema nikilala nasaga meno mpaka mbuzi wanaamka. Uzushi mtupu.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekwenda kituo cha afya. Tabibu wa meno, dada Violeth, kaniuliza nina mawazo gani. Nikasema sina, isipokuwa Agapiti. Akasema ndiyo hayo. Mtu mwenye mawazo hukaza taya na kusaga meno, mwili unachoka kupambana na vijidudu, fizi zinavimba. Nipige mswaki asubuhi na jioni, nirudi kusafishwa, na huyo Agapiti nimwache apumzike. Nadhani ni ndugu yake.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepata mbinu. Mama kaniletea mfuko wa michembe kutoka Samuye, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa mpaka vinagonga kama kokoto. Nitawagawia wapiga kura. Mtu akishakula chako, atakunyimaje kura? Nimefurahi mpaka taya limeuma.

Jumapili, 11 Agosti

Nimeumbuka. Nilisahau kwamba kwetu mwenye chakula huonja kwanza, ili watu wasimshuku kwa sumu. Mzee Bujiku, mkongwe wa kijiwe, alinikumbusha kwa upole kabisa. Nikatafuna upande wa kushoto, nikidhani ndio wenye nafuu. Damu ikatiririka hadi kwenye kola ya shati jeupe. Wenzangu wakarudisha michembe mfukoni, mmoja mmoja, bila kuniangalia. Agapiti kapata kura kumi na tisa. Mimi moja, nayo ni yangu.

Jumamosi, 24 Agosti

Wiki mbili sina cha kugombea. Nalala vizuri, damu imekoma, na michembe iliyorudishwa nimeitafuna yote. Mektilda anasema ni kwa sababu nimetulia. Mimi nasema ni mswaki mpya.

Asubuhi nimemkuta Agapiti kituo cha afya, kashika shavu. Madereva wanamgombeza kutwa kwa sababu ya foleni, usingizi hapati, fizi zimevimba. Anafikiria kujiuzulu. Nimempa pole, kwa kweli nimemhurumia, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Bujiku kuomba kura.

Nimempigia mama alete mfuko mwingine wa michembe. Safari hii ataonja Mektilda.

Jioni hii taya limeanza kuuma tena. Lazima ni vumbi.